Namna ya kutegua mwaliko wa kishikwambi kipya kabla hujatoa hela

Ninauza simu na vishikwambi Kabwe, hapa Mbeya mjini, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, nichukue hiki, au kuna kipya kinakuja?" Mwalimu wa Rungwe ataliuliza, mkulima wa mpunga kutoka Usangu ataliuliza, mwanachuo ataliuliza huku hela ameshaishika mkononi. Ni swali la haki na lina majibu, kwa sababu kampuni zinazotengeneza vifaa hivi huwa haziwezi kukaa kimya. Kabla ya kutangaza hutoa fumbo. Ukijua kulisoma utaokoa hela, na utafurahi pia, maana mchezo wenyewe ni mtamu.

Nitaongelea zaidi iPad, kishikwambi cha kampuni ya Apple, kwa kuwa Apple ndio wenye desturi hii tangu zamani. Siku kadhaa kabla ya tukio huwatumia waandishi wa habari mwaliko: picha moja, sentensi moja fupi, tarehe. Basi. Dunia nzima inaanza kutegua. Sisi tuliokulia kwenye "Kitendawili!" na "Tega!" tuna mazoezi ya kutosha.

Anza na picha

Watu hukimbilia maneno. Mimi nakushauri uanze na picha, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo kifaa chenyewe kinapochungulia. Mwaliko wa Machi 2011 ulikuwa na karatasi ya kalenda inayobanduka kwenye pembe, na nyuma yake ikaonekana iPad. Tarehe 2 Machi ikatoka iPad 2. Mwaliko wa Mei 2024 ulionyesha mkono umeshika kalamu ya Apple, na maneno yake kwa Kiswahili chetu ni "Jiachie". Tarehe 7 Mei zikatoka iPad Pro na iPad Air mpya, pamoja na kalamu mpya, Apple Pencil Pro.

Kwenye kalamu hapo tutulie kidogo, maana pana hela. Kalamu ya zamani, ile ya kizazi cha pili, haifanyi kazi kwenye iPad Pro ya 2024. Mtu aliyeinunua mwezi Aprili kwa hesabu kwamba "kishikwambi chenyewe nitachukua kikitoka" alibaki na kalamu isiyo na mwenza. Kwa hiyo ukiona kifaa cha pembeni kwenye picha ya mwaliko, iwe kalamu, kibodi au kava, usinunue kifaa cha aina hiyo mpaka tukio lipite. Katika yote nitakayoandika hapa, hili ndilo ninalolisisitiza kwa kila mteja, hata yule ambaye ningependa anunue leo.

Kisha maneno, polepole

Tafuta neno lenye sura mbili. Sentensi ya mwaliko mara nyingi ina neno moja linaloweza kusomwa kawaida, na papo hapo likasomwa kama jina au sifa ya kifaa. Oktoba 2012 waliandika maneno ambayo kwetu yangekuwa "Tuna kingine kidogo cha kuwaonyesha." Msomaji wa haraka alisikia tu kwamba kuna nyongeza. Aliyesoma polepole akaona "kidogo" imekaa pale kwa kusudi, na tarehe 23 ikatoka iPad mini, kioo cha inchi 7.9, bei ya kuanzia dola 329. Machi 2018 wakasema "Twendeni ziara ya shule." Tukio likafanyika shuleni kweli, Lane Tech, mjini Chicago, na kilichotoka ni iPad ya bei nafuu inayokubali kalamu, iliyolengwa kwa wanafunzi na walimu wao.

Ninaoupenda kuliko yote ni "Kuna kitu hewani." Maneno hayo yaliwekwa kwenye mabango Januari 2008, na ikatoka kompyuta nyembamba ya MacBook Air. Air ni hewa. Miaka 17 ikapita. Machi 2025 mkuu wa kampuni, Tim Cook, akayarudia mtandaoni bila kuitisha tukio lolote. Aliyekumbuka jibu la 2008 alikuwa na kila sababu ya kusema "kompyuta". Tarehe 4 Machi kikatangulia kishikwambi, iPad Air, na kompyuta ikafuata kesho yake. Neno lile lilikuwa limefunika vifaa viwili kwa pamoja, na ninampa heshima yake aliyelibuni.

Ipo mialiko isiyokuambia kitu, na hapo ndipo pa kuwa makini, kwa sababu watu wakikosa dalili hujaza wenyewe. Ule wa iPad ya kwanza ulikuwa hivyo. Madoa ya rangi, na maneno yanayowaita watu waje kuona uumbaji wao mpya. Hakuna zaidi. Basi uvumi ukajaza pengo: kitaitwa iSlate, hapana, kitaitwa iTablet, bei yake itakaribia dola elfu moja. Gazeti la Wall Street Journal likatania kwamba mara ya mwisho watu kusisimkia "tablet" kiasi hicho ilikuwa na amri zimeandikwa juu yake, maana Kiingereza huziita kwa neno hilohilo mbao za mawe za Musa. Tarehe 27 Januari 2010, San Francisco, Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, aliuonyesha utani huo kwenye skrini kubwa, kisha akataja jina: iPad. Bei ya kuanzia: dola 499. Majina yaliyovumishwa yakaanguka, na bei ya uvumi ikawa karibu mara mbili ya ile ya kweli. Na papo hapo utani mpya ukazaliwa, kwa sababu "pad" kwa wanawake wanaozungumza Kiingereza ni kitu cha hedhi, kama ilivyo pedi kwetu. Wengi waliuliza kwa nini hapakuwa na mwanamke chumbani wakati jina linachaguliwa. Ni swali la maana na ningeuliza vilevile. Jina likabaki.

Ninachokuomba ukichukue hapo ni kwamba uvumi wa jina ni dhaifu, na uvumi wa bei ni dhaifu zaidi. Usiweke bajeti juu yake.

Dalili si tamaa

Mwaliko wa Machi 2012 ndio ninaowafundishia vijana wangu wa dukani. Ulionyesha kidole kikigusa kioo, na maneno yakisema kuna kitu mnachopaswa kukiona, na kukigusa. Watu wakatoa majibu mawili. La kwanza: kioo kitakuwa kikali kuliko vyote vilivyotangulia. Hilo lilikuwa sahihi, tarehe 7 Machi ikatoka iPad yenye kioo cha Retina, jina ambalo Apple hukiita kioo chao kikali. La pili: kitufe cha chini kimeondolewa, kwa sababu hakionekani pichani. Hilo halikuwa sahihi, kitufe kilikuwepo. Picha ilikuwa imekatwa tu.

Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo kazi yote. La kwanza lilijengwa juu ya kilichoandikwa na kilichoonyeshwa. La pili lilijengwa juu ya kisichoonekana. Mteja akiniambia "inaonekana kutakuwa na hiki", namuuliza: kinaonekana wapi? Akinionyesha kwa kidole kwenye mwaliko, tunaongea. Akisema "si unaona hakipo", naacha.

Mwaka huohuo una neno jingine kwa mnunuzi. Watu walitarajia jina la iPad 3, wakaambiwa ni iPad mpya tu, bila namba. Oktoba, miezi saba baadaye, siku ileile ya iPad mini, ikatoka nyingine iliyoipita kwa nguvu. Kwa hiyo kusubiri hakuna mwisho wa uhakika. Kama mwaliko haujatoka na wewe una kazi inayosubiri kifaa, nunua.

Na usidhani kila kitu hutanguliwa na mwaliko. iPad ya kizazi cha kumi, ile iliyohamia kwenye chaji ya USB-C, ilitoka Oktoba 2022 kwa taarifa ya maandishi tu.

Saa ya kukaa macho

Ukitaka kutazama moja kwa moja, fanya hesabu ya saa mapema na ununue bando mchana. Matukio ya Apple kwa desturi huanza saa nne asubuhi ya California. Kwetu hiyo ni saa mbili usiku wakiwa kwenye saa zao za kiangazi, na saa tatu usiku wakiwa kwenye saa za baridi. Lile la Mei 2024 lilianza mapema, ikawa saa kumi na moja jioni kwetu, duka bado limefunguliwa. Punguza ubora wa video. Uso wa msemaji huhitaji kuuona vizuri, unahitaji bei na tarehe ya kuuzwa.

Namna tunavyocheza sisi

Mwaliko ukitoka, naubandika kwenye kioo cha duka na tafsiri yake ya Kiswahili chini. Kila mteja anayetaka anaandika jibu lake kwenye daftari, jibu moja tu, na sababu. Sababu ni lazima. Tunafuata sheria ya vitendawili: ukishindwa, unatoa mji. Siku ya tukio daftari linafunguliwa na watu wanaanza kulipa. "Nipe mji." "Nakupa Makambako." "Makambako nimeshapewa, nipe mwingine." Mzee mmoja wa Tukuyu huwa hatoi Tukuyu hata afanyweje, atatoa Vwawa, Tunduma, Mafinga na Kyela yote, na mshindi akipewa mji anatawala kwa sauti, anatueleza atakavyokula mchele na kokoa ya huko. Dukani panachangamka kuliko siku ya mpira.

Walimu ndio wakali. Sababu yake naijua: wao walishasubiri kishikwambi chao. Neno hili lilisambaa sana wakati wa Sensa ya Agosti 23, 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa navyo, na baada ya sensa ikatangazwa kwamba vitakwenda kwa walimu. Lini, vipi, nani kwanza, hayo yaliulizwa kila siku kwenye benchi langu mpaka vilipofika. Kwa hiyo mwalimu akija kununua, kwanza namuuliza: "Shikamoo mwalimu, ulichopewa kipo?" Kama kipo na kinafanya kazi, mara nyingi anachohitaji ni kibodi na kava, na hapo hana sababu ya kusubiri mwaliko wa mtu yeyote.

Upande wa hela

Bei ya kifaa cha zamani hushuka baada ya kipya kutoka. Machi 2012 iPad 2 iliachwa sokoni ikashushwa Marekani kutoka dola 499 hadi 399 siku ileile. Usitegemee siku ileile Mbeya. Mzigo ulioko dukani tumeununua Kariakoo kwa bei ya zamani, na muuzaji atashuka pale mzigo mpya utakapoanza kuingia. Mpe wiki chache. Kama unauza chako ili uongezee, fanya kinyume: kiuze mara tu mwaliko unapotoka, kabla ya tukio, wakati bado kina heshima.

Mkulima apange kwa mavuno. Hela ya kahawa ya Mbozi au ya mpunga haingoji kalenda ya California, na hela iliyokaa ndani ikingoja kishikwambi itapata shughuli nyingine. Ukiwa na hela na mwaliko haujatoka, chukua kilichopo. Ukiwa na hela na mwaliko umetoka, ngoja tukio lipite.

Usitoe oda ya kitu ambacho hakijatangazwa. Kila msimu wa mwaliko hujitokeza mtu anayekusanya laki moja moja za "kukuwekea nafasi". Kifaa hakina jina, hakina bei, hakina tarehe. Nafasi hiyo anaiweka wapi?

Uliza kama kina laini au ni cha Wi-Fi tu. Tangazo huongelea bei ya chini kabisa, na hiyo kwa kawaida ni ya kisicho na laini. Kwa mtu wa mjini anayewasha intaneti ya simu yake hakuna shida. Kwa mtu wa Ileje au Makete ndani, ambako unapanda kilima kutafuta mtandao, utabeba vifaa viwili na kumaliza chaji mbili.

Ukinunua cha mtumba wakati wenye hela wanabadilisha, ambao ndio wakati mzuri wa kukipata, na kina laini, tafuta IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, kwenye mipangilio uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ujue imesajiliwa kwa kifaa gani. Kisha mwambie muuzaji aondoe akaunti yake ya iCloud, ile ya Apple inayokifunga kifaa kwa mwenyewe, na akifute chote mbele yako. Kikishawaka upya kama cha dukani, bila kudai nenosiri la mtu mwingine, hapo ndipo umhesabie hela.