SOMO: Kupima chuo kidogo cha Marekani kabla hujakiambia ndiyo

Msimu wa barua umefika. Tangu Jumatatu nimetumiwa picha za barua tano za pongezi, zote kutoka vyuo vidogo vya Marekani ambavyo hakuna mtu Nakuru wala Kisumu aliyewahi kuvisikia, na chini ya kila picha kuna swali lile lile: "Mwalimu, hiki ni chuo kizuri?"

Siwezi kujibu hivyo. Ninachoweza ni kuwaonyesha namna ya kukipima wenyewe. Mnajua gorogoro, lile kopo la kupimia mahindi sokoni, lililobonyezwa kitako ili lishike kidogo na bado lionekane limejaa? Brosha ya chuo ni hilo hilo. Lazima utie mkono ndani.

Mimi mwenyewe liliniponza. Mwaka 2010 nilipata barua kutoka chuo fulani, sikitaji, ikisema nimetunukiwa Tuzo ya Rais wa Chuo, dola 18,000 kila mwaka. Mama alitoa fotokopi ishirini akazigawa kanisani. Kadi za harambee zikachapishwa. Ni baba, muuza vifaa vya ujenzi, aliyeleta kalkuleta ya dukani pale nyumbani Section 58, Nakuru, vitufe vimejaa vumbi la simiti, akauliza swali ambalo sisi sote tulikuwa tumelisahau: "Kumi na nane toa kwa ngapi?" Gharama yote ilikuwa dola 44,000. Zilibaki 26,000, na dola wakati ule ilikuwa kama shilingi 80. Milioni mbili na elfu themanini. Kwa mwaka. Baba akazidisha kwa nne, akailaza kalkuleta kifudifudi mezani, akatoka nje.

Mwaka uliofuata niliomba upya na nikaenda chuo kingine, huko Iowa. Haya ndiyo niliyojifunza.

Hatua ya 1: Jua ni chuo cha aina gani

Wamarekani huviita liberal arts college. Kwa Kiswahili tunasema sanaa huria, jina linalopotosha mara mbili: si chuo cha kuchora, wala si Chuo Kikuu Huria cha kusoma ukiwa nyumbani. Ni chuo chenye wanafunzi kama elfu moja hadi elfu tatu, karibu wote wa shahada ya kwanza, na wengi wao wanalala kampasi. Huku kwetu KUCCPS, wale wa serikali wanaogawa nafasi za vyuo, hukupangia kozi kabla hujauona mlango wa darasa. Kule unaingia, unachukua hesabu, historia, kemia na lugha, kisha mwisho wa mwaka wa pili ndipo unataja somo lako kuu. Fizikia, uchumi na kompyuta zote zipo.

Usichokikuta ni udaktari na sheria. Marekani hizo husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shule za udaktari huwachukua wageni wachache mno. Mzazi anayetangaza kijijini kwamba mwana anaenda kusomea udaktari ajue anatangaza miaka minane, na ile minne ya pili haina mfadhili bado.

Anayedhani vyuo hivi ni vya kupoteza wakati amkumbuke Wangari Maathai. Mwaka 1960 alienda Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha masista Wakatoliki mjini Atchison, Kansas. Alihitimu biolojia mwaka 1964, ndipo akaenda Pittsburgh kwa shahada ya pili. Mshindi wa Nobeli ya 2004 alianzia pahali ambapo hata Wamarekani wengi hawangepaonyesha kwenye ramani.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya baba yangu

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu huumia.

Vyuo ghali sasa vimepita dola 80,000 kwa mwaka. Kwa dola ya shilingi 129 hiyo ni zaidi ya milioni kumi. Usizimie, kwa sababu si kila mtu hulipa bei hiyo. Wala usishangilie punguzo, kwa sababu kupewa dola 40,000 kwenye bei ya 80,000 bado kunakuachia milioni tano na ushee.

Andika kwenye karatasi gharama yote: karo, bweni, chakula, bima ya afya, vitabu, nauli ya ndege. Toa msaada usiorudishwa, huo tu. Mkopo si msaada. Kazi ya kampasi pia usiitoe. Visa ya F-1, ile ya wanafunzi, hukuruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na mshahara wa kupanga vitabu maktaba ni wa sabuni na laini ya simu. Kinachobaki zidisha kwa nne. Nambari hiyo ndiyo bei ya chuo chako.

Kile kikokotoo cha bei kwenye tovuti ya chuo mara nyingi kimetengenezewa Wamarekani, kwa hiyo kiache. Badala yake andika jina la chuo pamoja na maneno Common Data Set kwenye mtandao. Ni waraka ambao vyuo vingi huutoa kila mwaka, unachosha kusoma, na ni mkweli kuliko brosha. Nenda sehemu H6. Hapo utaona ni wanafunzi wangapi wa kigeni waliopewa msaada, na wastani wa dola kwa kila mmoja. Kisha rudi B2 uone wageni wote ni wangapi. Kama wageni ni 150 na waliopewa ni 140, kwa wastani unaokaribia bei kamili, endelea kusoma. Kama wastani ni dola 15,000, chuo hicho kinatafuta wageni wenye pesa. Si dhambi, lakini si chako.

Vyuo vichache, kama Amherst na Bowdoin, huamua kukupokea bila kuangalia mfuko wako hata ukiwa mgeni. Vingi vilivyobaki huuangalia, ila vingine vikishakupokea hukulipia pengo lote. Vipo pia vya namna yake, kama Berea kule Kentucky, kisichotoza karo tangu 1892, na kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni.

Kabla hujasema ndiyo, andikia ofisi ya ufadhili barua pepe na uulize mambo matatu: karo ikipanda, msaada wangu unapanda nayo? Alama zikishuka, msaada unaondoka? Bima imo? Jibu likija kwa simu, omba liandikwe.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia mimi: kodi. Msaada unaolipia karo hautozwi, lakini ule unaolipia bweni na chakula, kwa mwenye F-1, hukatwa asilimia 14. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukuokoa. Ukipewa dola 15,000 za kulala na kula, utadaiwa 2,100, yaani kama shilingi 270,000. Mimi niliiona kwenye akaunti yangu ya chuo mwezi wa kwanza, nikadhani wamekosea.

Hatua ya 3: Je, chuo kitakuwepo ukifika mwaka wa nne?

Swali hili Wakenya hawaliulizi kwa sababu vyuo vyetu hugoma, havifi. Kule vinakufa. Wells, jimbo la New York, kilifunguliwa 1868. Tarehe 29 Aprili 2024 wanafunzi waliambiwa kwamba muhula ule ndio wa mwisho. Mount Ida, Massachusetts, kilifunga 2018 kwa mtindo huo huo wa wiki chache. Sweet Briar, Virginia, kilitangaza kufungwa 2015, kikaokolewa na wanawake waliosomea pale, waliochanga na kwenda mahakamani. Hata chuo cha Wangari kiliungana na cha watawa wa kiume jirani mwaka 1971, na sasa kinaitwa Benedictine. Mmarekani chuo kikifungwa anarudi kwao akajipange. Wewe ruhusa yako ya kukaa Marekani imefungwa kwenye jina la chuo.

Chuo cha binafsi kisicho cha faida huwasilisha fomu 990 kwa mamlaka ya kodi. Shirika la habari la ProPublica limeziweka mtandaoni bure, ingawa baadhi ya vyuo vya makanisa havimo. Angalia mistari miwili tu, mapato na matumizi, kwa miaka mitano. Matumizi yakizidi mara moja, sawa, kila duka lina mwaka mbaya. Yakizidi miaka minne kati ya mitano huku idadi ya wanafunzi ikishuka, ogopa. Angalia pia akiba ya chuo kwa kulinganisha na ukubwa wake. Grinnell, Iowa, kina wanafunzi kama 1,700 na akiba inayozidi dola bilioni mbili. Hicho hakitafungwa kesho.

Ithibati nayo ihakikishe kwenye tovuti ya idara ya elimu ya Marekani. Ni dakika mbili.

Hatua ya 4: Chungulia darasani

Katalogi ya chuo huorodhesha masomo yote yaliyowahi kufundishwa tangu Nuhu. Usiisome. Tafuta ratiba ya muhula huu. Unataka kompyuta? Hesabu ni madarasa mangapi ya kompyuta yanafundishwa sasa hivi, na walimu ni wangapi. Nimeona idara yenye kurasa tatu za katalogi na walimu wawili. Mmoja akienda likizo ya utafiti, somo ulilolivukia bahari linasubiri mwaka.

Udogo una faida, nisidanganye. Darasa langu la historia tulikuwa 11. Siku niliyolala kwa homa, profesa alimtuma mwenzangu na supu na swali la kujadili. Hakuna pa kujificha, na kwa mtoto aliyezoea kukaa nyuma na kunakili, miezi ya kwanza ni mateso.

Hatua ya 5: Uliza kuhusu Desemba

Bweni hufungwa likizo? Jikoni je? Krismasi yangu ya kwanza mabweni yalifungwa wiki tatu. Niliomba ruhusa ya kubaki, nikapewa chumba, lakini ukumbi wa chakula ulikuwa umefungwa na duka la karibu lilikuwa mwendo wa dakika arobaini kwenye theluji. Nilikula tambi za pakiti hadi mwaka mpya. Hakuna boda.

Kwa hiyo mtafute Mkenya aliye pale sasa, au Mganda, au Mghana. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni itakuunganisha ukiomba. Usimuulize kama anapapenda. Muulize Desemba anakaa wapi, uwanja wa ndege anafikaje, na mara ya mwisho alipougua alilipa ngapi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzazi, Ahero: Mwalimu, kuna ajenti mjini anataka shilingi 80,000 amhakikishie binti yangu nafasi na ufadhili. Ni halali?

Mama, hakuna mtu nje ya ofisi ya chuo anayeweza kuhakikisha nafasi. Anachouza ni kujaza fomu, na binti aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuijaza mwenyewe. Ada ya maombi ikiwa tatizo, aandikie chuo aombe kusamehewa, vingi husamehe. EducationUSA, Nairobi, ndio washauri wanaotambuliwa na serikali ya Marekani yenyewe, waandikieni. Hizo 80,000 wekeni. Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwaandikisha wanafunzi wa kigeni, ni dola 350 na ya maombi ya visa 185, na hizo mbili tu zinakaribia shilingi 70,000.

Kijana, Bungoma: Nataka uhandisi. Vyuo hivi nivisahau?

Usivisahau. Swarthmore, Smith na Lafayette vina uhandisi wao wenyewe. Vingine vina mpango wa miaka mitatu kwao na miwili kwenye chuo kikuu chenye uhandisi, unatoka na shahada mbili. Karatasini ni mzuri. Ila uliza miaka ile miwili inalipiwa na nani, kwa sababu msaada wa chuo cha kwanza kwa kawaida haukufuati. Na kama unapanga kurudi, waulize Bodi ya Wahandisi hapa nyumbani kuhusu shahada hiyo kabla ya kuondoka, si baada.

Mwanafunzi, Eldoret: Lazima iwe Marekani?

Hapana. Ashesi, nchini Ghana, kilianzishwa 2002 na Patrick Awuah, aliyesoma Swarthmore, na kina mtindo huo huo: masomo ya msingi kwa wote, kisha kompyuta, biashara au uhandisi. Kipime kwa hatua hizi hizi. Usikionee huruma kwa sababu ni cha kwetu.

Baba wa watoto watatu, Kakamega: Mtoto amepata nafasi pia hapa MMUST, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kozi nzuri. Jirani wananiambia nikikataa Marekani nitakuwa nimemnyima bahati.

Mzee wangu, jirani hawatalipa. Piga hesabu ya hatua ya 2. Kama kinachobaki kwa mwaka ni zaidi ya unachoweza kutoa bila kuuza shamba, mpeleke MMUST, akamalize, kisha aombe shahada ya pili nje. Huko, hasa kwenye sayansi, baadhi ya wanafunzi hulipiwa kwa kufundisha au kufanya utafiti. Shamba likishauzwa halirudi na digrii.

Msichana, Njoro: Samahani Mwalimu, swali la kando. Pesa za ile harambee zilienda wapi?

Nilijua mtu atauliza. Mama alizifungia benki mwaka mzima, akakataa hata kuzikopesha. Zilinunua tiketi ya ndege na koti zito la mtumba kutoka soko la Gikomba. Mjomba mmoja tu ndiye aliyedai elfu mbili zake arudishiwe kwa sababu "safari ilikufa". Alirudishiwa. Siku ya kunisindikiza alikuja, akapiga picha mstari wa mbele.