Jinsi ya kupamba nyumba ya mchanganyiko bila kupeleka kabati la mama stoo

Mimi kazi hii ya kupamba nyumba niliingia kwa mlango wa uani. Nilikuwa na cherehani, nashona foronya za mito ya makochi na mapazia, nikawa naenda kwa wateja kupima madirisha, sasa ukishakaa sebuleni kwa mtu na tepu mkononi maswali hayaishi, eti kochi likae wapi, hii rangi vipi, zulia hili linafaa, ikafika siku mtu akanilipa kwa ule ushauri tu bila kushona hata mto mmoja. Nikasema kumbe.

Mteja wangu wa kwanza wa nyumba nzima alikuwa dada mmoja wa Tabata. Alikuja na picha kwenye simu, kila kitu kijivu na nyeupe, na mimi nikafanya vile vile kama picha, kabati la vyombo la mama yake, la mninga, zito hilo, tukalibeba watu wanne tukalitupa stoo. Baada ya mwezi nikapita kuangalia, namkuta mama mwenyewe kaja. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, akaizungusha macho ile sebule akaniuliza, "Sasa humu mgonjwa ni nani?"

Tangu siku hiyo sianzi na picha, naanza na vitu vya mwenye nyumba. Na wewe anza hapo. Zunguka nyumba yako, stoo na juu ya kabati usiache, utoe vile ambavyo hata ukihama huwezi kuviacha. Redio ya mzee, mkeka wa ukindu, kinyago ulichonunua Mwenge, sinia la shaba la bibi. Vikifika vitatu vinne vinatosha, viweke chini pamoja mchana kweupe uviangalie. Rangi za nyumba yako zitoke hapo, dukani utaenda baadae.

Watu wanadhani mchanganyiko, yaani vitu vya zamani na vipya vya mitindo tofauti kwenye chumba kimoja, ni kurundika. Hapana jamani. Vitu kumi tofauti vinahitaji kitu kimoja kinachojirudia, mimi nauita uzi. Mfano kama sinia ni la shaba, basi rangi ile ya shaba ionekane tena kwenye fito ya pazia na kwenye fremu ya kioo, mara tatu hivi, jicho linaelewa lenyewe. Mbao pia, mninga na paini vinakaa vizuri chumba kimoja ukiviacha na rangi yake, ila usipake vanishi ya mninga kwenye paini ukadhani utatudanganya.

Halafu ukuta utulie. Ukitaka kuona hili limefanywa na waliotangulia, angalia nyumba za zamani za Lamu. Vyumba vyembamba, kama mita 3 hivi, kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, lakini humo humo kuna zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zimepangwa kaure za Uchina, kuna viti vya enzi, kuna milango ya kuchonga, na wala macho hayachoki, ukuta wote ni chokaa nyeupe. Kwa hiyo mchanganyiko siyo kitu cha Instagram, pwani tunao siku nyingi.

Sasa mito ya khanga, hii naulizwa kila wiki. Khanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110. Ukikata vipande vya 48 kwa 48 unapata sita, ukishona vinabaki 45, nyuma weka kitambaa cha pamba cha rangi moja. Lakini ukikata sita kwa ubahili unaukata mji, ule mchoro wa katikati ya khanga, korosho iliyochorwa inabaki nusu, bora ukate vinne unavyovitaka. Fua kwanza peke yake mpaka maji yatoke safi, la sivyo itachuja kwenye kochi jeupe na utanitafuta. Lile jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye khanga, usitupe, likate refu lipige fremu. Ila lisome kwanza! Kuna mteja alitundika la mafumbo mlangoni, wifi yake akaja kula pilau akaondoka hajaaga.

Picha za Tingatinga zinapakwa rangi ya mafuta, zinang'aa, ukiitundika mkabala na dirisha utaona dirisha badala ya tembo. Katikati ya picha iwe kama sentimita 150 toka sakafuni, watu wengi wanatundika juu mno kama kalenda ya duka. Zulia angalau likanyagwe na miguu ya mbele ya kochi. Pazia, kitambaa kiwe mara mbili ya upana wa dirisha, na fito ipande juu ya dirisha kama sentimita 15, dari inaonekana imenyanyuka.

Taa ndiyo naombaga watu kwa magoti. Soma boksi la balbu, kuna namba yenye K inayoonyesha rangi ya mwanga, ukiona 6500K hiyo ni nyeupe ya duka la dawa, sebuleni weka 2700K au 3000K, na usitegemee moja ya katikati, weka na ya pembeni. Unaweza kupamba kwa milioni ukaiua kwa balbu ya elfu tatu.

Kwa wanaotaka kuifanya kazi yenyewe: ile safari ya kwanza ya kwenda kuona nyumba itoze, hata kidogo. Hela ya vifaa na hela ya ufundi ziandike mbalimbali, mteja azione. Na ukienda Keko kwa fundi wa samani peleka mchoro wenye vipimo, usipeleke maelezo ya mdomo, na kabla ya hapo pima mlango na kona ya ngazi. Mimi nilisahau mara moja, kochi la L ghorofa ya tatu, mlango sentimita 80, kochi likalala koridoni siku mbili majirani wanalikalia wanapiga soga, mpaka fundi akaja kulikata miguu na mgongo kwa hela yangu.

Yule mama wa Tabata je? Tulilitoa kabati stoo, nikapaka ukuta wa nyuma yake kijani cha chupa maana vikombe vyake vina mstari wa kijani, makochi ya kijivu yakabaki, mito nikabadilisha. Picha ya ile sebule ndiyo inayoniletea wateja mpaka leo, na kila nikimpigia mama ananiuliza asilimia yake iko wapi.