Kuingia mgambo ukiwa na miaka 38 na watoto watatu

Nilipoanza kozi ya mgambo nilikuwa na miaka 38, watoto watatu, na cherehani mbili zinazonilipia kodi ya fremu. Kuruta aliyesimama kulia kwangu mstarini alikuwa na miaka 19. Tangu nimalize, wazazi wa rika langu hunifuata fremuni kuuliza waanzie wapi, na wengi wao tayari wameanza na mbio. Mbio zina wakati wake. Anza na nyumba.

Tuelewane kwanza kuhusu jambo lenyewe. Mgambo ndiyo Jeshi la Akiba letu hapa Tanzania. Msimamizi wa mafunzo ni mshauri wa mgambo wa wilaya, ambaye ni mwanajeshi wa JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na kozi hufanyika huku huku kwenye kata, kwenye kiwanja cha shule au uwanja wa wazi, watu wakitokea makwao. Hapo ndipo mzazi anapopata upenyo. JWTZ wakitangaza nafasi huita vijana, na kikomo cha umri kwa walio wengi kiko kwenye miaka ya ishirini. Mgambo humpokea mtu mwenye familia yake. Baba yangu alikuwa mgambo wa kijiji mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, akaondoka na wenzake kuungana na JWTZ. Mama alibaki na watoto wawili na shamba. Nimekua nikiisikia habari hiyo kwa upande wa mama, na ndiyo iliyonifundisha kupanga.

Tangazo la kozi hubandikwa ofisi ya mtendaji wa kata au ya serikali ya mtaa. Andaa barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa, kitambulisho cha NIDA na picha za pasipoti, na mengine wanayoyataka utayakuta kwenye tangazo. Kisha kuna kupimwa afya. Hapo usifiche kitu. Kama una presha, sukari, mgongo, au ulijifungua kwa upasuaji, mwambie daktari, na ukishaanza mwambie na mwalimu wako. Mwenzetu mmoja alinyamazia presha yake, akaanguka wiki ya tatu tukiwa kwenye mchakamchaka. Kama bado unanyonyesha, subiri kozi nyingine. Itatangazwa tena, na mtoto hatarudi kuwa mchanga.

Sasa nyumba. Kozi yetu ilikuwa ya wiki 16, Jumatatu hadi Ijumaa, tunaanza saa 12 asubuhi na kuachiwa saa 4. Maana yake natoka nyumbani saa 11 na robo, watoto wamelala. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki moja yupo, mbili hayupo. Kabla sijajiandikisha nilikaa naye usiku mmoja, nikamwandikia kwenye daftari la vipimo vya wateja kila saa ya asubuhi na jina la anayewajibika: nani anachemsha chai, nani anamfunga mdogo viatu, nani anamvusha wa darasa la tatu barabara kubwa. Nafasi zilizobaki wazi ndizo tulizozijadili. Mbili tulimwomba mama mkwe, moja tukamlipa dada wa jirani. Usikubali jibu la "tutaona". Anayekuambia tutaona hayupo.

Halafu fanyeni majaribio. Wiki mbili kabla ya kozi nilianza kutoka saa 11 na robo kila siku, nakwenda kukaa kwa mama mkwe bila simu, nyumba ijiendeshe. Siku ya kwanza binti yangu wa miaka 14 aliunguza uji, na wa miaka 4 akaenda chekechea amevaa shati la kaka yake. Siku ya nne mdogo alilia hadi nikamsikia kutoka mtaa wa pili. Ilikuwa asubuhi ngumu kwangu kuliko yoyote niliyoipata uwanjani, lakini sikurudi. Wiki ya pili mambo yalinyooka, na kozi ilipoanza watoto walikuwa wameshazoea.

Waambie ukweli kwa kadiri ya umri wao. Wangu wa miaka 9 aliniuliza wakati namkatia kucha: "Mama, utaua mtu?" Nilimwambia najifunza kulinda, kwamba mwanajeshi hufundishwa silaha ili ajue pia lini asiiguse, na kwamba nchi ikiitwa vitani nami naweza kuitwa. Alinyamaza, akaniuliza nani atakaa nao siku hiyo. Nikamtajia majina. Mwenye watoto asiye na majina ya kutaja hapo, arudi kwenye daftari.

Swali la pili lilitoka kwa mkubwa: kama nitakuwa nawafukuza akina mama wa mboga. Liliniuma, maana watu wengi mtaani wanamjua mgambo kwa kumwaga vitu vya wamachinga tu. Nilimjibu kwamba mafunzo ni kitu kimoja na kazi atakayoifanya mtu baadaye ni kingine, na kwamba mimi nimeuza maandazi barabarani, sitamwaga bidhaa ya mtu. Nakuomba na wewe ulijibu swali hilo moyoni kabla hujavaa buti.

Mwili hautaki mengi, unataka mapema. Miezi miwili kabla, tembea kwa kasi nusu saa kila siku, kisha saa nzima, kisha changanya na mbio za polepole. Pushapu anza kwa kusukuma ukuta, ndipo ushuke chini. Ulegevu wa misuli ya nyonga inayozuia mkojo baada ya uzazi ni kitu cha kweli, na kina mama mnajua kinavyokuaibisha ukiruka. Mkunga wa zahanati alinionyesha mazoezi ya kukaza nyonga, nikayafanya nikiwa nimekaa kwenye cherehani, na kufikia wiki ya tano tatizo lilikuwa limepungua sana.

Buti zivae nyumbani mwezi mzima kabla. Mimi nilizivaa siku tatu tu. Siku ya ruti machi, yaani matembezi marefu ya kijeshi, tukipita njia ya Bigwa, Morogoro, na milima ya Uluguru mkono wa kulia, kisigino kilichubuka hadi soksi ikaganda damu. Tangu hapo napaka mafuta ya mgando kisigino na vidole, navaa soksi mbili, ya ndani nyembamba nikiwa nimeigeuza ili mshono usiguse ngozi. Sare, kwa upande mwingine, usijinunulie mtaani hata uoneshwe kwa bei ya kutupa. Raia haruhusiwi kumiliki sare za jeshi, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku 7 wenye nazo wazisalimishe. Subiri utaratibu wa kozi yako.

Uwanjani utafundishwa kwata, yaani mwendo wa gwaride, usomaji wa ramani, huduma ya kwanza, silaha ndogo, na watakuja watu wa Polisi, Zimamoto na TAKUKURU kufundisha mambo yao. Kwenye kwata vijana watakupita wiki za mwanzo. "Nyuma geuka" ilinishinda siku sita. Lakini kwenye kufungua na kufunga bunduki nilikuwa wa pili katika platuni, kwa sababu mikono yangu imezoea kufungua kichwa cha cherehani na kupanga kila skrubu kwa mfuatano wake juu ya kitambaa. Tafuta mahali ambapo kazi yako ya kila siku inakusaidia, usimame hapo. Na mwalimu mwenye miaka 25 ni afande. Usimwite mwanangu.

Kuhusu ajira: wapo waliopata kazi ya ulinzi SUMA JKT, shirika la uzalishaji la Jeshi la Kujenga Taifa, baada ya kozi, na wapo ambao hawajapata chochote. Akitokea mtu anakudai hela akuwekee jina kwenye orodha ya kazi, mkimbie. Na kipato chako kipange kwa kozi nzima. Mimi nilikataa oda za sare za shule miezi hiyo, nikabaki na marekebisho ya nguo tu, na nilikuwa nimeweka pembeni kodi ya fremu ya miezi minne.

Siku ya kufunga mafunzo, watoto wapeleke mapema, wakae karibu na jukwaa kuu. Gwaride likipita mbele ya mgeni rasmi mnageuza nyuso upande huo, na ni hapo tu watakapokuona usoni. Waeleze usiku uliotangulia kwamba mama hatapunga mkono wala kuitika. Wangu mdogo aliita mara tatu, na kaka yake akamziba mdomo, akamnong'oneza kwamba mama amesikia.