Usisubiri bati ling'oke: namna ya kukagua majengo ya shule

Wakuu wa shule wenzangu tuambiane ukweli, wengi wetu fundi tunamwita siku bati limeshang'oka, halafu tunalia hela hakuna. Hela ya kuziba kitundu cha msumari ipo, ya kubadilisha kenchi zilizooza ndo haipo.

Anza na maji, hayo ndo yanamaliza majengo. Na usikague kiangazi! Subiri mvua inyeshe, chukua mwamvuli uzunguke mwenyewe, utaona gata ipi imeziba inamwagia ukuta, wapi maji yanatuama kwenye msingi, dari ipi imeanza kuwa na doa la rangi ya chai. Lile doa wengi wanalipaka rangi wakitegemea wageni, sasa huko juu bati linaendelea kuvuja na mbao zinaoza kimya kimya. Mpandishe fundi aangalie misumari, mara nyingi ni vile vimpira vya chini ya kichwa vimekauka vikapasuka.

Nyufa nazo sio zote za kukimbiza watu. Wa kama unywele kwenye lipu, mara nyingi lipu tu imekauka. Wa kuogopa ni ule unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha, unafuata matofali kama ngazi, hapo huenda msingi unatitia. Chora kamstari ka penseli pale ulipoishia, andika tarehe, pima upana kwa rula, mwezi ujao rudi. Ukikuta umevuka mstari ita mhandisi, na upana wake ukishafika mm 5 usingoje hata huo mwezi.

Mbao za milango na dari zichome na bisibisi, ikizama kirahisi zimeoza au mchwa wameshahamia.

Umeme: soketi ikiwa ya moto ukiigusa, zima leo leo. Fyuzi ikikatika kila mara usikubali fundi aweke kubwa zaidi, maana kinachoungua baadaye ni waya ndani ya ukuta na watoto wako darasani.

Bili ya maji inapanda hujui kwa nini? Soma mita jioni bomba zote zikiwa zimefungwa, isome tena alfajiri. Imesogea? Kuna mahali maji yanavuja, huenda ni bomba la chini.

Yote haya yaandike kwenye daftari moja, tarehe, chumba, tatizo, nani karekebisha. Siku ukihamishwa liache ofisini, usiondoke nalo.