Feni ya Rejeta Isipozunguka: Namna ya Kutafuta Hitilafu katika Gari la Zamani

Gari likichemsha kwenye foleni, kisha mshale wa joto ukashuka mara tu linaposhika kasi, mshukiwa wa kwanza ni feni, kwa sababu gari likiwa mwendoni upepo hupita wenyewe kwenye rejeta, lakini likisimama kazi yote hubaki kwa feni. Likichemsha hata likiwa kwenye mwendo wa kasi, chunguza kwanza maji, thamostati (vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini inapopata moto) na rejeta yenyewe.

Maelezo haya yanahusu feni ya umeme. Feni ya aina hii inaweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo chomoa plagi yake kabla ya kuingiza mkono, wala usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ingali moto.

Plagi ikiwa imechomolewa, zungusha panga za feni kwa mkono. Zinapaswa kwenda kwa wepesi, bila kukwama wala kukwaruza. Kisha fanya jaribio ambalo mafundi wengi huliruka wakakimbilia kununua mota mpya: vuta waya mbili kutoka kwenye betri, ule wa chanya ukiwa na fyuzi ya ampea 20 au 30, na uzigusishe moja kwa moja kwenye pini za mota. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima na tatizo liko nyuma yake. Isipozunguka, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi wakati umeme ungali umeunganishwa, mkono ukiwa mbali na panga. Ikishtuka na kuanza kuzunguka, kaboni zake, yaani vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota, zimelika.

Mota ikiwa nzima, rudi nyuma hatua kwa hatua. Fyuzi usiiamini kwa macho. Ipime kwa testa pande zote mbili, na utazame pia tundu inamokaa, kwani katika magari yaliyotumika miaka mingi plastiki ya hapo huyeyuka huku fyuzi yenyewe ikionekana salama. Rilei, yaani swichi ndogo inayowashwa kwa umeme ili ipeleke umeme mkubwa kwenye feni, ni rahisi zaidi: ibadilishe kwa muda na nyingine yenye namba zilezile, mathalani ya honi, uone kama feni itaitika.

Swichi ya joto, ambayo huwa kwenye rejeta au karibu na thamostati, ndiyo huwachanganya watu. Katika magari mengi swichi hii huunganisha umeme injini inapopata moto, hivyo ukichomoa plagi yake na kuunganisha pini zake mbili kwa kipande cha waya, funguo ikiwa imewashwa, feni inapaswa kuzunguka. Katika Toyota nyingi za zamani mambo ni kinyume: swichi hukata umeme injini inapopata moto, kwa hiyo kuchomoa plagi peke yake kunatosha kuiwasha feni. Feni ikiitika, waya na rilei ni vizima, lakini kabla ya kuilaumu swichi hakikisha maji yamejaa, kwa sababu swichi iliyozungukwa na hewa haipati joto la kweli la injini.

Ikiwa hakuna kilichoitika, pima kwa mita kwenye plagi ya feni wakati ambapo feni ingepaswa kuwaka. Ukipata takribani volti 12 kati ya pini ya chanya ya plagi na upande wa hasi wa betri, lakini usipate kitu kati ya pini mbili za plagi hiyo, waya wa bodi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri kupitia bodi ya gari, ndio uliokatika au umeshikwa na kutu. Fungua bolti yake, kwangua mpaka chuma king'ae, kisha ukaze.

Baada ya matengenezo, acha injini iungurume gari likiwa limesimama. Katika magari mengi feni huwaka joto likiwa kati ya nyuzi 90 na 100 za Selsiasi, kisha huzima maji yakishapoa. Subiri uone ikiwaka na kuzima angalau mara mbili ndipo ufunge boneti.