Uvimbe wa tezi za mate: anza na vidole, kisu baadaye

Mimi ni tabibu wa meno hapa Tanga, na wengi wanaoketi kwenye benchi nje ya chumba changu wamekuja kung'oa. Uvimbe wa tezi ya mate hujichanganya humo humo: mama anasema jino limetunga usaha, mzee anasema ni mtoki tu. Kwa vijana mnaoanza kazi kwenye zahanati zetu, hivi ndivyo ninavyoenda.

Kwanza ninauliza habari za chakula. Akila chungwa la Muheza au embe bichi la pilipili, panavimba, kisha baada ya saa moja au mbili panapungua? Hilo mara nyingi ni jiwe kwenye mrija wa mate. Perema huja na homa, hukaa siku chache, ikaondoka. Tezi za mashavu zilizo mbele ya masikio, ndizo ninazoita tezi za sikio, zikivimba pande zote mbili, laini kama zina maji, mshauri apime VVU. Homa za jioni na jasho la usiku zinipeleke kwenye kifua kikuu. Ila uvimbe uliokaa pale pale wiki baada ya wiki, ale asile, huo ndio wa kuushuku. Na msije mkamwambia "hauumi, hauna neno". Uvimbe wa tezi hizi, mwema kwa mbaya, kwa kawaida huanza bila maumivu.

Sasa mikono. Simama nyuma ya mgonjwa, linganisha pande mbili; uvimbe wa tezi ya sikio husukuma ndewe juu na nje. Kwa tezi ya chini ya taya, vaa glavu, kidole kimoja sakafuni mwa mdomo na cha mkono wa pili nje chini ya taya, tezi iwe katikati. Papasa na shingo yote, maana saratani hupitia tezi za limfu.

Mahali penyewe panasema mengi. Katika tezi ya sikio, karibu uvimbe 8 kati ya 10 si saratani. Chini ya taya ni kama nusu kwa nusu. Kwenye kaakaa na chini ya ulimi, saratani ndizo nyingi zaidi. Kadiri tezi ilivyo ndogo, ndivyo ninavyoharakisha rufaa. Kaakaa hasa hutuponza sisi watu wa meno: kama meno ya jirani ni mazima, yanahisi maji baridi kama kawaida na hayaumi yakigongwa, uvimbe huo si jipu, usiupasue. Nundu ngumu ya mfupa katikati kabisa ya kaakaa ni maumbile, mwache mtu aende zake.

Kisha mshipa wa fahamu wa uso, unaopita ndani kwa ndani ya tezi ya sikio. Mwambie ainue nyusi, afumbe macho kwa nguvu, aonyeshe meno, apulize mashavu. Huku kwetu uso ukienda upande watu husema kapigwa na upepo, wakaanza kuzunguka kwa waganga. Uso uliolegea pamoja na uvimbe uhesabiwe saratani mpaka vipimo vikanushe. Vivyo hivyo ganzi, maumivu yasiyoisha, au uvimbe ulioshikamana na ngozi.

Tezi ya sikio isichanjwe wala kukatwa kipande kliniki. Adenoma pleomofiki, uvimbe usio saratani ulio wa kawaida kuliko zote, ikipasuliwa humwaga seli zake, na baada ya miaka hurudi vinundu vinundu. Inatakiwa altrasaundi na sindano nyembamba ya kunyonya seli za kupima. Mimi huwapeleka Bombo, hospitali ya mkoa wetu, na kesi nzito huendelea Hospitali ya Taifa Muhimbili. Jibu la sindano likisema sampuli haikutosha, maana yake irudiwe. Wagonjwa husikia "hawajaona kitu" wakashukuru Mungu, wakapotea.

Saratani adimu za tezi hizi zinahitaji darubini, na pengine kipimo cha jeni. Kasinoma ya sekretori, kwa mfano, ilielezwa mwaka 2010 tu na Alena Skálová na wenzake; kabla ya hapo iliitwa kwa majina ya nyingine. Ninayoiogopa zaidi ni kasinoma ya adenoidi sistiki: hukua polepole, hutambaa kufuata mishipa ya fahamu, na huweza kuibuka mapafuni miaka mingi baada ya upasuaji. Kwa mgonjwa wa hii, picha ya kifua ni ya kila mara.

Mtu wa patholojia, anayepima kinyama kwa darubini, haoni uso wa mgonjwa, anaona fomu yako. Andika umri, tezi gani, upande gani, ukubwa kwa sentimita, umeanza lini, uso unafanya kazi au la. Kinyama kikikatwa kitiwe kwenye fomalini ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wake, si spiriti. Na chukua namba ya simu ya mgonjwa pamoja na ya ndugu yake mmoja, kwani majibu huchelewa na wavuvi huhama na msimu.