Somo: Kukagua afya ya kamba kabla hawajaanza kufa

Samaki akifa huelea, utamwona. Kamba akifa huzama, na wenzake humla kabla hujaamka. Ukiona mmoja tu amekufa kando ya bwawa, ujue chini wako wengi. Nasema na mnaofuga kwa msongamano, kamba 60 na zaidi kwa mita ya mraba, mashine za hewa zikizunguka usiku kucha.

1. Pima oksijeni saa kumi au kumi na moja alfajiri. Hapo ndipo huwa chini kabisa, maana gizani hata mwani huivuta. Ikishuka chini ya miligramu 4 kwa lita, washa mashine zote na chakula cha asubuhi kisubiri. pH, yaani kiwango cha asidi ya maji, ipime asubuhi na alasiri. Ikipishana zaidi ya 0.5, mwani umezidi.

2. Inua chano cha chakula baada ya saa mbili. Kimebaki? Punguza. Chano kitupu nacho hudanganya: niliwahi kushangilia, kumbe kaa ndio waliomaliza. Kwa hiyo shika kamba watano sita, waelekeze kwenye mwanga. Utumbo ni ule uzi mweusi wa mgongoni, nao ujae mfululizo mpaka mkiani. Ukikatikakatika, hawali vizuri. Ukiwa mwekundu, huenda wanakula maiti. Kisha tazama ini, chini ya gamba la kichwa: liwe kahawia iliyokolea. Likipauka na kusinyaa, hasa mwezi wa kwanza tangu upandikize vifaranga, na ukilifinya halipasuki kirahisi, peleka sampuli maabara siku hiyohiyo.

3. Kila wiki tupa kimia sehemu tatu nne, pima uzito, gusa magamba. Gamba laini baada ya kujivua ni kawaida. Laini wiki nzima, hapana. Matamvua meusi mara nyingi ni sakafu chafu.

MASWALI

– Shikamoo mwalimu. Sina kipima oksijeni, nifanyeje?
– Marahaba. Amka alfajiri na tochi. Kamba wakijazana juu ya maji na kingoni, hewa hakuna.

– Wangu wana madoa meupe. Ndio ule ugonjwa wa Msumbiji?
– Inawezekana. Ugonjwa huo wa madoa meupe huletwa na virusi, navyo viligundulika Msumbiji 2011, Madagaska 2012. Ila bakteria nao huleta madoa, na kwa macho hutofautishi, inatakiwa PCR, kipimo cha vinasaba cha maabara. Wakati unangoja majibu, usitoe hata tone la maji, na kimia cha bwawa hilo kisiguse jingine.

– Mkuu, niwape antibayotiki kabisa?
– Kwa virusi hazifanyi kitu. Na mzigo ukikutwa na mabaki ya dawa, mnunuzi wa nje anaurudisha.

– Nikiwavua mchana mkia unajikunja, unakakamaa, nyama inakuwa nyeupe.
– Unawavua juani. Tupa kimia asubuhi. Kama hata asubuhi wanakakamaa, pima magnesi na potasi, hasa ikiwa maji yako yana chumvi kidogo.